Kuandaa kitivo cha afya kwa ukaguzi wa ithibati: anza wodini, ofisini utarudi

Barua ya wakaguzi wa ithibati, yaani wanaothibitisha rasmi kwamba chuo na programu zake vinakidhi viwango, ikifika, ofisi nyingi za ubora hukimbilia makabrasha. Mafaili mapya yananunuliwa, lebo zinachapishwa, wakuu wa idara wanaitwa mkutano wa dharura. Nami nilifanya hivyo. Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo nilichokuwa nikifanyia kazi hapa Mombasa, tuliwaketisha wakaguzi mbele ya meza iliyojaa mafaili. Mmoja wao, mama aliyekuwa mkunga kabla ya kuwa profesa, hakufungua hata moja. Aliomba aletewe mwanafunzi yeyote wa uuguzi wa mwaka wa nne, akamuuliza: "Mwanangu, mzazi amejifungua sasa hivi na damu haikati. Unaanza na nini?"

Msichana alijibu vizuri. Kisha akaulizwa amekishughulikia kisa kama hicho mara ngapi, na nani alisimama kando yake. Akanyamaza. Ikaletwa logibuku yake, kitabu anachoandikia mazoezi yake ya wodini na kutiwa saini na anayemsimamia, ikakutwa ina saini kumi na nne za tarehe moja, zote za kalamu moja.

Tangu siku ile siandai ukaguzi kuanzia ofisini. Naanzia kitandani kwa mgonjwa, nashika uzi, naufuata kurudi nyuma hadi kwenye mtaala. Njia yenyewe ni hii.

Hatua ya 1: Jua ni nani anayekuja

Kwa Kenya, ithibati ya chuo kikuu na programu zake iko mikononi mwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Lakini mhitimu wa afya hafanyi kazi kwa shahada peke yake. Muuguzi husajiliwa na Baraza la Wauguzi, daktari na KMPDC, yaani baraza la madaktari na madaktari wa meno, afisa wa kliniki na baraza lake, mfamasia na Bodi ya Famasia na Sumu, mtu wa maabara na bodi yake. Mvutano kuhusu nani mwenye kauli ya mwisho juu ya programu hizi umefika mahakamani zaidi ya mara moja. Waachie mawakili jambo hilo. Kazi yako ni kuandaa ushahidi mmoja utakaosimama mbele ya wote, kwa sababu mwanafunzi akihitimu kisha baraza likakataa kumsajili, anayeumia ni yeye na mzazi aliyeuza shamba kumlipia karo.

Watu pia huchanganya cheti cha ISO 9001 na ithibati. Cheti hicho kinaonyesha kwamba chuo kina mfumo wa kusimamia kazi zake. Hakisemi lolote kuhusu iwapo mhitimu wako anaweza kuzuia damu ya mzazi.

Hatua ya 2: Chagua ujuzi mmoja, uufuate

Huwezi kukagua kila kitu kwa undani, na ukijaribu utabaki juu juu. Chagua ujuzi mmoja ambao ukikosekana mtu anakufa. Mimi huchagua kuvuja damu baada ya kujifungua. Duniani kote, kutokwa na damu ndiko kunakoongoza kwa kuua akina mama wajawazito na waliojifungua, na ni ujuzi unaopita idara zote. Muuguzi na mkunga ndio wa kwanza kuiona damu, daktari au afisa wa kliniki anaitwa, mtu wa maabara anapima kundi la damu na kuilinganisha, mfamasia anawajibika kwa oksitosini, dawa ya kukaza mji wa uzazi, ambayo inatakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ukiuvuta uzi huu mmoja, kitivo kizima kitatikisika, nawe utaona palipolegea.

Hatua ya 3: Nenda wodini

Omba ruhusa kwanza kwa uongozi wa hospitali na kwa sista anayesimamia wodi. Usiende na mkuu wa kitivo wala na kamera. Nenda asubuhi mapema, zamu ya usiku inapokabidhi, wakati watu bado wanasema kweli kwa sababu wamechoka.

Katika wodi moja ya uzazi nilimkuta sista wa miaka mingi.

"Shikamoo sista."

"Marahaba, baba. Umetoka chuo?"

"Ndiyo. Nimekuja kuuliza kuhusu wanafunzi wetu."

"Wanafunzi wenu nawaona. Mwalimu wenu ndiye simuoni."

Kauli hiyo moja ilinipa zaidi ya ripoti za miaka miwili. Tulikuwa na orodha ya wakufunzi wa wodini, tena yenye mihuri, lakini walikuwa wakifika siku ya mtihani tu. Basi uliza maswali matatu, uyaandike majibu kwa maneno ya aliyeyasema: mwalimu wa chuo alionekana hapa lini mara ya mwisho? Vyuo vingapi vinaleta wanafunzi katika wodi hii? Mwanafunzi akikosea, nani anaambiwa?

Swali la pili lina hesabu yake, na ndipo programu nyingi za Pwani zinapokwama. Tuseme hospitali inazalisha akina mama 350 kwa mwezi, na theluthi moja wanajifungua kwa upasuaji. Kwa miezi miwili ya mazoezi zinabaki zazi za kawaida kama 467. Ikiwa vyuo vitatu vinagawana wodi, fungu lenu ni kama 155. Sasa mna wanafunzi 30, na mtaala wenu unataka kila mmoja azalishe mara 20. Hizo ni 600. Kila mwanafunzi atapata tano, na zilizobaki kumi na tano zitaandikwa kwa kalamu moja, kwa tarehe moja. Wanafunzi hawakuzaliwa waongo. Tuliwapa hesabu isiyowezekana, kisha tukawadai saini.

Tiba ni ngumu lakini inajulikana. Ongeza vituo ili wanafunzi wote wasirundikane katika Hospitali Kuu ya Pwani: kuna Port Reitz, kuna Tudor, kuna Likoni. Weka zamu za usiku zenye mkufunzi anayelipwa kwa usiku huo. Na kama bado haitoshi, punguza idadi ya wanaosajiliwa. Najua pendekezo hili la mwisho halipendwi na ofisi ya fedha. Lipeleke hata hivyo, na hesabu yako mkononi.

Ukiwa hapo wodini, tazama pia mikataba ya maelewano kati ya chuo na hospitali. Isome tarehe ya mwisho, si ya kuanza. Angalia kama imetaja idadi ya wanafunzi, nani anawajibika mwanafunzi akichomwa na sindano, na atapewa dawa za kinga wapi usiku wa manane.

Hatua ya 4: Logibuku

Chukua kumi kwa kura. Usimwachie mkuu wa idara akuchagulie. Linganisha tarehe na rejista ya uzazi ya wodi: mwanafunzi ameandika zazi tatu Jumanne, je, siku hiyo zilikuwapo, na alikuwa zamu?

Halafu tafuta majina ya wagonjwa. Nimeona logibuku zenye jina kamili la mama, namba ya faili na hali yake ya virusi vya UKIMWI, na kitabu kinabebwa kwenye matatu hadi Kisauni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Lakini hata kabla ya sheria, yule mama alimwamini mwanafunzi wako katika saa yake ya uchungu, na siri yake imeachwa kwenye kiti cha gari. Fundisheni matumizi ya alama au namba ya rejista tu, na mkufunzi asitie saini ukurasa wenye jina.

Hatua ya 5: Rudi kwenye mtaala

Sasa ndipo unafungua kabrasha. Tafuta ujuzi wako ndani ya mtaala: umeandikwa katika somo gani, mwaka gani, kwa kitenzi gani? "Ataelewa uvujaji wa damu" hakipimiki. "Atapima damu iliyotoka, atakanda mji wa uzazi, atatoa dawa na kuita msaada" kinapimika, na mtihani wa vitendo unaweza kujengwa juu yake.

Kuna kipimo kimoja cha kujua kama mtaala uko hai. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Badala ya kukisia damu kwa jicho, wakunga waliweka chini ya mzazi kitambaa cha plastiki chenye mistari ya vipimo, na damu ilipozidi walitoa matibabu yote kwa pamoja: kukanda mji wa uzazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza uvujaji wa damu), maji ya mshipani, kisha kutafuta chanzo na kuita msaada. Matukio mabaya ya uvujaji yalipungua kwa asilimia 60. Sehemu ya utafiti imefanyika nchini mwetu. Ikiwa noti za mhadhiri wako bado zinasema "kadiria kwa macho", mtaala umelala, hata kama umepitishwa na seneti kwa muhuri mwekundu.

Chora jedwali la safu nne: matokeo tarajiwa, yanafundishwa wapi, yanafanyiwa mazoezi wapi, yanatahiniwa wapi. Kila nafasi tupu ni kazi. Nafasi tupu nyingi huwa katika safu ya mwisho: tunafundisha ujuzi wa mikono, tunautahini kwa insha.

Hatua ya 6: Maabara na hewa yetu ya chumvi

Miongozo mingi imeandikwa na watu wasioishi kando ya bahari. Hapa Mombasa unyevu huotesha ukungu kwenye lenzi za hadubini, na chumvi inakula mizani na vyuma vya vitanda vya maabara ya ujuzi. Mkaguzi atawasha kifaa, hatasoma risiti yake. Washeni kila kimoja wiki mbili kabla. Hadubini zikae kabatini pamoja na vifuko vya kufyonza unyevu. Friji ya vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, iwe na kipimajoto na karatasi ya joto inayojazwa mara mbili kwa siku, wikendi zikiwemo, na isiwe na chakula cha mtu. Umeme ukikatika Jumamosi, nani ana ufunguo wa chumba cha jenereta? Kisanduku cha sindano kikifika robo tatu kifungwe. Nimeona wanafunzi wakizishindilia kwa kidole.

Hatua ya 7: Andika ripoti ya kujitathmini

Vyuo vya ukanda wetu vingi hufuata utaratibu wa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, IUCEA, lenye makao Kampala, ambapo kila kigezo hupewa alama 1 hadi 7. Alama 4 maana yake panatosheleza. Alama 3 maana yake hapajatosha, ila marekebisho madogo yatapafikisha.

Kishawishi ni kujipa 5 kila mahali. Usijipe. Wakaguzi wakikuta 3 palipoandikwa 5, wataitilia shaka ripoti nzima, na pale mlipostahili 5 kweli mtateremshwa pia. Kwa kila kigezo andika hali ilivyo, ushahidi uko wapi, udhaifu ni upi, na nani ataurekebisha, kwa fedha ipi, kufikia lini. Mpango usio na bajeti uondoe. Rasimu wapeni wawakilishi wa wanafunzi, waliohitimu, na hospitali zinazowaajiri, wasome kabla ya seneti. Watakasirika kidogo, na mtajifunza mengi.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Msiwafundishe wanafunzi majibu. Waambieni waseme waliyoyaona. Kila kabrasha liwe na mtu mmoja anayejua yaliyomo. Kama kituo kimoja kiko Likoni, hesabuni muda wa feri, na msipange ziara hiyo saa za watu kwenda kazini. Chakula kiwe cha kawaida.

Katika kikao cha mwisho wakaguzi watasoma waliyoyaona. Andikeni, msibishane, makosa ya kweli ya taarifa yasahihisheni kwa maandishi baadaye. Nakala ya mapendekezo yanayohusu wodi mpelekeeni sista mkono kwa mkono wiki hiyo hiyo, kwa sababu ndiye anayeishi na wanafunzi wenu usiku. Kisha wiki ya sita, hakuna mkaguzi, hakuna barua, nenda tena asubuhi zamu inapokabidhi, umwamkie, na umuulize lile swali la kwanza: mwalimu wetu umemuona lini?