Jinsi ya kujiandaa na DAT kama wewe ni mtu wa "nitaanza Jumatatu"

Mtu anayeahirisha kusoma DAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari wa meno Marekani, mara nyingi wala sio mvivu. Ana PDF kibao kwenye simu, kashachora ratiba yenye rangi tatu, yupo kwenye magrupu ya wanaojiandaa, anajua nani alipata ngapi na alitumia madesa gani, kitu pekee ambacho hajafanya ni kujibu swali. Ukimuuliza anakwambia bado najipanga. Liwezekanalo leo lisingoje kesho tumeimbishwa tangu shule ya msingi na bado tuko hapa, kwa sababu shida sio kutojua, shida ni kwamba ukijibu swali unaweza kukosa, na ukikosa utajua uko wapi, na hicho ndo tunachokikimbia. Kupanga ratiba hakuna anayekosa. Kwa hiyo njia ninayoielezea hapa ni moja tu: maswali kwanza, kusoma baadae, alafu kila kona ya kujificha tunaiziba.

Pepa lenyewe liko hivi. DAT unaendeshwa na chama cha madaktari wa meno cha Marekani, ADA, na unaufanyia kwenye kompyuta katika vituo vya Prometric. Unaanza na sayansi, maswali 100 kwa dakika 90, ambapo baiolojia ni 40, kemia ya kawaida 30 na kemia ogania 30. Inafuata PAT, maswali 90 kwa dakika 60, hii ni ya maumbo na macho tu. Kuna mapumziko ya dakika 30 ukitaka, kisha ufahamu, vifungu vitatu vya kisayansi na maswali 50 kwa dakika 60, mwisho hesabu, maswali 40 kwa dakika 45. Fizikia hamna. Ukikosa jibu hukatwi alama. Na tangu Machi 2025 matokeo yanatoka kwa kipimo cha 200 mpaka 600, kwa hiyo mtu akikwambia alipata 21 ujue anaongelea kipimo cha zamani kilichokuwa kinaishia 30, usianze kujilinganisha nae.

Sasa kazi ya kwanza, na ifanye kabla hujafungua kitabu chochote: tarehe. Tengeneza DENTPIN yako (ni namba ya utambulisho, bila hiyo huombi mtihani wala chuo), omba, lipia, chagua siku. Ukishakubaliwa unapewa dirisha la miezi sita la kufanya mtihani, na mtu wa kuahirisha akisikia miezi sita anafurahi sana, ndo maana nakwambia usichague siku ya mwishoni mwa dirisha. Kwa mtu ambaye masomo ya baiolojia na kemia kashayapitia chuoni, wiki kumi hadi kumi na mbili zinatosha kabisa, ukijipa zaidi ya hapo wiki za mwanzo zote utazila bure. Kuhamisha siku kunalipiwa, na kadri mtihani unavyokaribia ndo faini inapanda, na hiyo pesa kwa kweli ni rafiki yako maana inakubana. Angalia pia kalenda ya maombi, mfumo wa AADSAS, ambao ndo unapitishia maombi ya vyuo vya meno, hufunguliwa kila mwaka kati ya Mei na Juni na vyuo vingi vinachagua watu kadri maombi yanavyoingia, kwa hiyo anayesukuma mtihani mpaka mwisho wa mwaka anakuta nafasi nyingi zishaondoka hata kama kapiga alama nzuri.

Kazi ya pili inauma. Ndani ya siku mbili baada ya kulipia, fanya testi nzima, zile za mazoezi za ADA au yoyote uliyonayo, kwa muda kamili, bila kusoma chochote kabla. Najua kichwa kinavyosema hapa, "ngoja nipitie pitie kidogo kwanza ili nisipoteze testi." Hapana, hiyo ngoja nipitie ndo ugonjwa wenyewe, utapitia pitia mwezi mzima. Matokeo yatakuwa mabaya, ndiyo, na hayana kazi nyingine zaidi ya kukuonyesha wapi pa kuanzia. Chukua karatasi andika vipande vyote na asilimia yako, bandika mahali unapopaona.

Baada ya hapo watu wengi wanaanza na sura ya kwanza ya baiolojia, seli, na wanafia hapohapo. Baiolojia ya DAT ni pana kuliko ilivyo na kina, inagusa kuanzia seli, jenetiki, mwili wa binadamu, mimea, mpaka mazingira na tabia za wanyama, maswali 40 tu, mtu anayetaka kuimaliza yote kabla hajajibu swali hamalizi. Mimi ningekuambia anza na PAT. Sababu ni kwamba PAT haina cha kusoma, hauna pa kujifichia, unafungua unajibu, na ndani ya wiki chache unaona macho yako yanabadilika kabisa. Kwa mtu wa kuahirisha kuona maendeleo mapema ni kila kitu.

Chukua mfano wa kuhesabu kyubu, yaani vile visanduku vilivyogundishwa pamoja. Wanakupa mchoro wa kyubu, wanasema zimepakwa rangi pande zote zilizo wazi isipokuwa ile ya chini iliyokaa mezani, alafu wanauliza ni kyubu ngapi zina pande mbili zenye rangi, ngapi zina tatu, na kadhalika. Wengi wanahesabu upya kwa kila swali, wanapoteza muda. Wewe chora jedwali dogo lenye namba 0 mpaka 5, pitia kyubu moja moja mara moja tu, weka alama kwenye namba yake. Tuseme kuna kyubu tatu zimepangwa mstari mmoja na ya nne imekaa juu ya ile ya katikati. Ile ya juu ina rangi pande 5, imekanyaga mwenzake tu. Za pembeni mbili zina 4 kila moja, maana chini hamna rangi na upande mmoja umegusana na jirani. Ya katikati imebaki na mbele na nyuma, yaani 2. Jedwali lako linasema 5 moja, 4 mbili, 2 moja, jumla kyubu nne, inalingana na mchoro, basi maswali yote ya mchoro huo unayajibu bila kuangalia tena. Kosa ambalo linawakamata watu ni kuisahau kyubu iliyofichika nyuma inayoshikilia ya juu yake, ndo maana jumla lazima uihakiki.

Za kukunja karatasi na kutoboa nazo ni hivyohivyo, chora duara 16, nne kwa nne, alafu kunjua kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua, kila kunjo likifunguka tundu linapata pacha wake upande wa pili wa mkunjo. Za kulinganisha pembe hazina hila ya kueleweka, ni kurudia tu kila siku dakika tano.

Sasa ratiba ya kila siku. Achana na "leo nitasoma masaa sita," hiyo ni sentensi ya kumfanya mtu aanze kufagia chumba. Weka kitu ambacho ni kidogo mpaka unaona aibu kukikataa, na kiwe na saa na mahali: nikimaliza chai ya asubuhi, nakaa meza ile, nafanya maswali 15 ya PAT, simu iko chumba kingine. Chumba kingine, sio imegeuzwa kifudifudi pembeni yako, tunajuana. Ukimaliza hayo 15 uko huru kuacha. Mara nyingi hutaacha kwa sababu kilichokuwa kigumu ni kukaa, lakini hata ukiacha siku hiyo imehesabika. Ukishazoea kama wiki moja unaongeza kipindi cha sayansi, maswali 20 mchanganyiko, alafu ndo unasoma, na unasoma kile ulichokosa tu.

Hapo kwenye ulichokosa ndo penye utajiri kwa hiyo tukae kidogo. Kuwa na daftari la makosa, na usiandike jibu sahihi peke yake, andika kichwa chako kilifikiria nini. Kwa mfano kwenye ogania umepewa kaboni ya praimari, niukliofaili yenye nguvu, solventi ni DMSO, ukachagua SN1 (SN1 na SN2 ni njia mbili ambazo kundi moja linaondoka kwenye kaboni na jingine linachukua nafasi yake). Ukiandika "jibu ni SN2" hujajifunza kitu, wiki ijayo unakosa tena. Andika hivi: "niliona kuna kundi zuri la kuondoka nikakimbilia SN1, sikuangalia kaboni, praimari haiwezi kukaa na chaji chanya peke yake, kwa hiyo kwanza naangalia kaboni, pili niukliofaili, tatu solventi." Hiyo ni mistari mitatu na inakupa utaratibu wa kutumia kwenye kila swali la aina hiyo. Jumapili unafunika majibu unajiuliza upya maswali ya daftari. Daftari likijaa ndo linakuwa desa lako, limeandikwa kwa ajili ya kichwa chako wewe.

Kuna utafiti wa Roediger na Karpicke wa mwaka 2006 unaeleza vizuri kwanini watu hawapendi njia hii. Waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma, wengine wakavirudia kuvisoma, wengine wakajipima kwa kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki ikageuka, waliojipima wakawa mbele. Yaani kusoma soma kunakupa raha ya kujiona umeiva palepale, na sisi wa kuahirisha tunaipenda sana hiyo raha.

Zile kona za kujificha nilizosema mwanzo ni hizi, ukijikuta ndani ya mojawapo toka: kubadilisha kitabu katikati kwa sababu mtu kasema kingine ni bora, kuangalia video za kemia kwa spidi mara mbili huku unakula, kutengeneza kadi za kukariri siku nzima wakati zipo tayari, kuuliza watu ratiba zao, na kukaa diskasheni ambayo inaisha hakuna aliyejibu swali. Zote zinachosha kama kusoma. Kipimo changu ni kimoja, leo umejibu maswali mangapi, na kama jibu ni sifuri basi siku hiyo hukusoma, hata kama macho yanauma.

Hesabu na ufahamu sina mengi. Hesabu ni mbio, dakika moja na sekunde kidogo kwa swali, kikokotoo kipo kwenye skrini lakini ni cha kawaida na kinakuchelewesha, fanyia mazoezi asilimia, sehemu na makadirio kwa kichwa. Ufahamu ni dakika 20 kwa kifungu, na kama kusoma Kiingereza kirefu cha sayansi kunakuchosha basi soma makala moja ndefu kila siku kuanzia wiki ya kwanza, hiki kitu hakibebeki wiki ya mwisho.

Utaanguka, hilo nalo tuliweke wazi. Kuna siku tatu zitapita hujagusa kitu. Kinachoua sio zile siku tatu, ni ile hesabu ya deni, "nilitakiwa maswali 105 kwa hiyo leo nafanya yote," huyo hafanyi hata moja. Deni lifute. Rudi kwenye maswali 15 ya kesho asubuhi kama kawaida. Mwaka 2010 Michael Wohl na wenzake waliwafuatilia wanafunzi wa chuo na wakakuta wale waliojisamehe kwa kuahirisha kabla ya mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha kabla ya wa pili, kwa hiyo kujilaani usiku kucha wala hakukusaidii, kunakufanya uliogope daftari.

Kama unasoma hii na zimebaki wiki nne, usijaribu kusoma kila kitu. Chukua ile testi ya kwanza, kama hujafanya fanya leo, weka nguvu kwenye PAT, kemia ya kawaida na hesabu, maana hizo zinapanda haraka kwa mazoezi, baiolojia jibu maswali tu na usome makosa. Zikibaki wiki mbili fanya testi nzima, na kama bado uko chini sana ya alama za vyuo unavyotaka, hamisha tarehe mara moja na uweke mpya papo hapo. Kuhamisha bila tarehe mpya ni kuacha. Na usiseme nitajaribu tu alafu nirudie, kuna kipindi cha kusubiri kabla ya kurudia, na vyuo vinaona umefanya mara ngapi.

Wiki mbili za mwisho testi nzima ziwe saa ileile ya mtihani, ukitumia maka peni na ubao mdogo wa plastiki badala ya karatasi, kwa sababu ndo utakachopewa kituoni na kuchora kyubu kwa peni hiyo ni tofauti kidogo na kalamu ya kawaida. Hakikisha vitambulisho viwili unavyo na majina yanafanana herufi kwa herufi na uliyojaza kwenye maombi, hili shughulikia mapema sana maana kubadilisha jina sio kazi ya jioni moja. Mapumziko chukua, kula kitu, kojoa. Ndani ya chumba swali likigoma liwekee alama upite, unaweza kurudi mradi bado uko kwenye kipande hichohicho, na ikibaki dakika moja jaza herufi yoyote kwenye yote uliyoacha wazi.