Mbolea uliyonunua ni kampaundi au mchanganyiko? Cheki kabla hujaanza kupanda

Wakulima wa Kongwa, Chamwino, Bahi na nyie wa Hombolo, mvua za Desemba zikikaribia kila mtu anakimbilia dukani kuulizia bei tu, kilichomo ndani ya mfuko hakuna anayeuliza, wakati hicho ndo kinaamua utaiwekaje shambani.

Yurea ni kampaundi, yaani naitrojeni, kaboni, haidrojeni na oksijeni zimeungana kikemikali kwa uwiano usiobadilika, ndo maana yurea safi itoke kiwanda chochote ni naitrojeni asilimia 46, mfuko wa kilo 50 una kilo 23, na huwezi kuzitenganisha kwa kuchekecha. Mchanganyiko ni kama makande, mahindi yanabaki mahindi na maharage maharage, kiasi anajua mpishi. NPK (mbolea zenye naitrojeni, fosfeti na potasiamu) nyingi za kuchanganya ziko hivyo, ukimwaga kiganjani unaona punje nyeupe, za kijivu na nyekundu, kwa hiyo namba za kwenye mfuko, yaani asilimia ya kila kirutubisho, zisome kila mara.

Tabu yake sasa, NPK ya hivyo ikipigwa na barabara ya vumbi juu ya bodaboda punje zinajitenga, ndogo zinazama kubwa zinabaki juu. We unapima kwa kizibo cha soda, shimo hili linapata fosfeti tele, lile yurea tupu, alafu mahindi yasipolingana unalaumu mbegu. Mwaga mfuko wote kwenye turubai kavu, geuza geuza kwa koleo, ndo upime. DAP (daiamoniamu fosfeti, ile mbolea ya kupandia) haina hiyo shida, kila punje imebeba naitrojeni na fosfeti yake.

Ila rangi nayo isikudanganye. CAN, ile mbolea ya kukuzia, punje zote zinafanana na bado ni mchanganyiko, amoniamu naitreti na chokaa vimo ndani ya punje ileile. Koroga kijiko kimoja kwenye kopo la maji: yurea inayeyuka yote na kopo linapoa hadi unashangaa, CAN inaacha tope la chokaa chini. Hilo kopo usinywee tena aisee.

Na ile tabia ya kutia yurea na CAN ndoo moja eti zipeane nguvu acheni kabisa, zikikutana zinavuta unyevu wa hewani hata kwa ukavu wetu huu wa Dodoma, zinalowa na kunata hadi hazimwagiki. Ukizitaka zote mbili, kila moja iweke kwa wakati wake.