Ukitaka kuandika juu ya mama yako, anza na umri wake

Kwa miaka mingi nilitaka kuandika juu ya mama yangu, na kila nilipokaa niliishia kwenye sifa: mpole, mchapakazi, mvumilivu. Kurasa tatu, na mama mwenyewe hayumo.

Kilichonifungua macho ni kumbukumbu za Sally Field, mwigizaji wa filamu wa Marekani, zilizotoka mwaka 2018. Nilizichukua nikitarajia habari za tuzo zake mbili za Oscar. Nikamkuta mtoto anayemtafuta mama yake, Margaret Field, naye mwigizaji, aliyefariki Novemba 6, 2011, siku ileile Sally alipotimiza miaka 65.

Chukua daftari, ugawe ukurasa safu tatu: mwaka, umri wako, umri wake. Mimi niliijaribu njia hii kwanza kwa akina Field. Margaret alizaliwa 1922, Sally 1946. Mama alikuwa na miaka 24. Mwaka 1952, alipoolewa na Jock Mahoney, alikuwa na miaka kama 30 na watoto wawili wadogo. Huyo ndiye baba wa kambo ambaye Sally anaeleza kwamba alimdhalilisha kingono utotoni. Ukiiona miaka hiyo imeandikwa, unamwona Margaret kijana, na bado swali la mtoto liko palepale: mama, ulikuwa wapi? Yote mawili yakae kwenye ukurasa mmoja. Usilifute moja ili kulilinda lingine.

Kisha jaza ya kwako. Nilipokuwa na miaka sita, mama aliniacha kwa bibi kwa miaka miwili. Nimelibeba jambo hilo maisha yangu yote. Kwenye safu ya tatu nikaandika: 25. Baba alikuwa amefariki miezi minne kabla. Niliitazama namba hiyo muda mrefu, maana binti yangu wa kwanza ana miaka 25 sasa, na bado ananipigia simu kuuliza dawa ya kikohozi.

Baada ya jedwali, nenda ukaulize. Usimwambie “nieleze maisha yako”, utapewa hotuba. Uliza kitu kinachoshikika: chumba kilikuwa na madirisha mangapi? Nani alikukopesha cherehani? Rekodi kwa simu ukiwa umeomba ruhusa, na akinyamaza, nyamaza naye. Mimi nilikuwa nikimkatiza kila mara, na nasikitika ninaposikiliza sauti zile. Waulize na wengine. Mama mdogo ndiye aliyeniambia kwamba kila Jumamosi usiku mama alikuja kwa bibi nikiwa nimeshalala, akakaa kitandani kwangu, akaondoka kabla ya alfajiri, kwa sababu aliogopa kwamba nikimwona nitalia na hatoweza kuondoka.

Ukianza kuandika, anza na tukio moja, si tarehe ya kuzaliwa. Mimi nilianza na sanduku la bati alilowekea vifungo. Jambo linalouma liandike mapema, ukiwa bado na nguvu, kwa maneno mepesi kabisa. Vivumishi vingi mahali pa uchungu huwa ni woga, vikate. Mazungumzo usiyoyakumbuka neno kwa neno, yasimulie tu, bila alama za kunukuu.

Usijipe wiki mbili. Sally Field alikaa na kitabu chake miaka kama saba. Mimi nilichukua minne, mitatu kati ya hiyo kwa sura moja.

Kama mama yu hai, msomee kwa sauti kabla mtu mwingine hajasoma. Mwambie akusimamishe popote anapoona umekosea. Mimi nilisoma mikono ikitetemeka hadi mwisho wa sura ile. Mama hakusahihisha kitu. Alivua miwani, akaiweka mapajani, akasema, “Mwanangu, rudia pale pa Jumamosi.”