Namna ya kufuatilia filamu ilivyobadilisha stori ya gemu: mfano wa Silent Hill

Anayelinganisha filamu na gemu iliyoizaa mara nyingi huishia kuorodhesha tofauti ndogondogo: nguo, gari, rangi ya nywele. Orodha inakuwa ndefu na haielezi kitu. Tafuta badiliko mama, yaani lile moja lililowalazimisha waandishi kubadilisha mengine yote. Silent Hill, filamu ya kutisha ya Christophe Gans ya mwaka 2006, inafaa sana kujifunzia kazi hii. Miisho imetajwa humu, kwa hiyo kama hujacheza, cheza kwanza.

Anza kwa kuamua gemu ipi ndiyo ushahidi wako. Filamu hii imechota kwenye mbili: Silent Hill ya 1999 iliyotoka kwenye PlayStation, na Silent Hill 2 ya 2001. Mkazo mkubwa uko kwenye ile ya kwanza, inayomalizika kwa saa 6 hadi 8 hivi. Usitegemee kurasa za mashabiki peke yake. Nyingi huchanganya maelezo ya filamu na ya gemu, nawe utajikuta unatumia filamu kuthibitisha filamu.

Hapa ndipo wengi hukwama: gemu ina miisho zaidi ya mmoja, na stori unayoiona inategemea ulichokifanya njiani. Hospitalini Alchemilla chukua chupa ya plastiki jikoni, kisha itumie kukusanya kimiminika chekundu kilichomwagika sakafuni katika ofisi ya mkurugenzi. Bila hicho huwezi kumwokoa askari Cybil baadaye. Pia mfuatilie Dk. Kaufmann: mwokoe baa, halafu nenda motelini ukafungue tangi la pikipiki. Ukiruka sehemu hiyo utapata mwisho mbaya, na mkasa wa dawa za kulevya unaomhusu daktari huyo utakupita nusu. Utadhani filamu haikuacha kitu, kumbe imeuondoa mkasa wote. Kujua mwisho upi ni rasmi, tazama gemu iliyofuata: Silent Hill 3 ya 2003 inaendelea pale Harry, mhusika mkuu wa gemu ya kwanza, alipokabidhiwa mtoto mchanga.

Sasa chora jedwali la safu nne: jambo lenyewe, gemu inasema nini na katika eneo gani, filamu inasema nini na dakika ya ngapi, badiliko limelazimisha nini. Safu ya nne ndiyo yenye kazi. Wahusika waliobadilishwa jina au jinsia tu wape mstari mmoja na usonge mbele: Cheryl amekuwa Sharon, na Harry, baba anayemtafuta binti yake, amekuwa mama, Rose.

Mstari wa kukaa nao ni wa Dahlia Gillespie. Kwenye gemu Dahlia ndiye chanzo cha uovu. Anamtoa binti yake mwenyewe, Alessa, katika ibada ya moto ili mungu wa dhehebu lake azaliwe kupitia mwili wa mtoto. Alessa anaigawa roho yake ili kumzuia, na nusu yake ndiyo Cheryl. Kwenye filamu Dahlia ni mama aliyeshawishiwa, anazurura mitaani akimlilia mwanawe. Uovu umehamishiwa kwa dada yake, Christabella, kiongozi wa waumini wanaomchoma Alessa kwa madai kwamba ni mchawi.

Vuta uzi huo uone unavyokuja na vingine. Waumini hawataki tena kuzalisha mungu, wanataka kutakasa, basi mungu wa gemu hana nafasi. Mungu akiondoka, Alessa hana wa kumzuia, kwa hiyo anageuka mlipiza kisasi. Kisasi kinahitaji watu wa kulipizwa, ndiyo maana mji ambao kwenye gemu ni karibu mtupu umejaa umati kanisani. Na kwa kuwa filamu yote imekuwa suala la mama na mtoto, Harry kuwa Rose hakushangazi tena.

Theluji nayo ifuatilie hivyo hivyo. Kwenye gemu theluji inaanguka nje ya msimu, na ukungu ulisaidia pia kuficha kwamba PlayStation haikuweza kuchora umbali mrefu. Filamu haikuwa na shida hiyo ya mashine, ikahitaji sababu nyingine: majivu ya moto wa makaa ya mawe unaowaka chini ya mji. Wazo hilo lilitokana na Centralia, Pennsylvania, ambako moto wa namna hiyo unawaka tangu 1962. Kwa hiyo kila kitu cha ajabu kwenye gemu kiulize kwanza kama kilizaliwa na stori au na uwezo wa mashine.

Kosa lililotuuma zaidi ni la Pyramid Head, zimwi lenye kichwa cha umbo la piramidi. Katika Silent Hill 2 yuko kwa ajili ya mhusika mkuu, James Sunderland, aliyemuua mkewe na moyoni anatamani kuadhibiwa. Ukimtenga na James anabaki sura bila maana, na filamu imefanya hivyo: yeye yumo, James hayumo. Kwenye jedwali mwandikie wazi: umbo limebaki, sababu imepotea.

Mwisho kagua kama badiliko limerudi kwenye gemu zenyewe. Panga kila kitu kwa mwaka wa kutoka. Silent Hill: Homecoming ya 2008 inamrudisha Pyramid Head bila James, na kuta zake zinabanduka kama kwenye filamu. Resident Evil, gemu nyingine ya kutisha iliyotengenezewa filamu, ilipitia njia hiyo hiyo: ujia wa miale ya leza ulianza kwenye filamu ya 2002, ukaingia kwenye Resident Evil 4 mwaka 2005. Usipoandika miaka, utasema filamu iliiga pale ambapo yenyewe ndiyo iliyoigwa.