Kulinganisha biashara ya karatasi na maboksi ya Kenya na Tanzania: fanya hivi

Habari wadau. Mi kazi yangu ni vifungashio, na kila nikiona grafu ya dola peke yake halafu mtu anasema nchi hii imeipita ile, inaniuma, maana dola zinaweza kupanda hata kama mzigo haujaongezeka kilo moja. Twende taratibu.

Hatua ya 1. Ingia UN Comtrade, hifadhi ya Umoja wa Mataifa ya takwimu za biashara kati ya nchi. Kenya ni namba 404, Tanzania 834. Bidhaa weka sura ya 48 ya HS, yaani mfumo wa kimataifa wa namba za bidhaa, huko ndo kuna karatasi na maboksi. Karatasi chakavu zipo sura ya 47, vitabu 49, usivichanganye. Shusha uagizaji na uuzaji nje, thamani pamoja na uzito. Ukitaka kurudi nyuma sana FAOSTAT, takwimu za shirika la chakula na kilimo la UN, inaanzia 1961, ila kule maboksi yaliyoshatengenezwa hayamo kwaiyo usiunge mistari hiyo miwili kama kitu kimoja.

Hatua ya 2, na hapa usiwe na haraka. Shuka mpaka tarakimu nne: 4801 karatasi za magazeti, 4802 za kuandikia na kuchapia, 4804 krafti, ile ya kaki ya mifuko ya saruji, 4818 tishu, 4819 maboksi na mifuko. Sababu ni hii, kile kiwanda cha Mgololo kule Mufindi kinatoa krafti, sasa Tanzania inauza krafti nje huku inaagiza karatasi nyeupe za madaftari, ukijumlisha vyote huoni kitu. Kenya nako kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifungwa 2009, basi kwenye chati yako piga mstari wa wima hapo uangalie 4802 na 4804 kabla na baada. Piga mingine Agosti 2017 Kenya ilipokataza mifuko ya plastiki, na Juni 2019 kwa Tanzania. Lakini jamani msikimbilie kusema karatasi ndo ilichukua nafasi yote, nenda sokoni uone, mifuko mbadala mingi ni ile laini kama kitambaa na hiyo haimo sura ya 48 kabisa.

Hatua ya 3. Gawa thamani kwa uzito upate dola kwa tani. Mfano tu: tani 10,000 kwa dola milioni 8 ni 800 kwa tani, mwaka unaofuata tani zilezile kwa milioni 12 ni 1,200, hapo kimepanda bei tu. Kumbuka pia uagizaji kwa kawaida unaandikwa na nauli ya meli ndani yake, uuzaji nje hauna, kwaiyo mwaka kama 2021 kontena zilipopanda bei uagizaji unavimba wenyewe.

Hatua ya 4. Gawa kilo kwa watu. Sensa ya Kenya 2019 ilikuta milioni 47.6, ya Tanzania 2022 milioni 61.7.

Hatua ya 5, wengi wanairuka. Chukua Tanzania inachosema imeiuzia Kenya, weka pembeni ya Kenya inachosema imenunua Tanzania. Havitalingana, ni kawaida, ila mwaka ambao kimoja ni mara mbili au tatu ya kingine uwekee alama nyekundu na usiutumie kueleza chochote mpaka ujue kilichotokea.