SOMO: Kupima uzito wa kazi za mtaalamu wa teknolojia ya lugha (someni kabla ya kuja inbox)

Kila msimu wa mapendekezo ya utafiti swali ni lilelile: "Mkuu, nitajuaje huyu mtaalamu ananukuliwa kiasi gani?" Leo najibu mara moja, hadharani. Mfano wetu ni Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, maana anayeandika kuhusu Kiswahili na kompyuta lazima atakutana naye.

Hatua ya 1. Fungua Google Scholar, injini ya Google ya kutafutia makala za kitaaluma, andika author:"A Hurskainen" Swahili.

Hatua ya 2. Mtu akiwa na ukurasa wake wa wasifu, ufungue. Hana? Tumia orodha ya matokeo.

Hatua ya 3. Andika tarehe uliyoangalia. Namba hupanda.

Hatua ya 4. Safisha orodha. Hii ndiyo iliyowahi kuniumbua mbele ya jopo, kwa hiyo nendeni polepole. Tafuta "J Mwangi" uone: daktari wa malaria, mchumi, mtu wa kilimo na mtu wa lugha, wote kapu moja. Majina yenye vipande yana balaa lake. Guy De Pauw na Gilles-Maurice de Schryver, walioandika pamoja na Peter Wagacha kuhusu Kiswahili na kompyuta, watafute chini ya De na pia chini ya Pauw na Schryver. Fungua kila makala yenye namba kubwa, angalia mada, chuo na waandishi wenza.
ONYO: makala ileile inaweza kukaa mara mbili, toleo la arXiv (hifadhi ya mtandaoni ya rasimu za makala) na toleo la kongamano. Usijumlishe kibubusa, aliyezinukuu zote mbili atahesabiwa mara mbili.
ONYO la pili: hata wasifu wa mtu mwenyewe usiuamini moja kwa moja. Mwenye akaunti akiruhusu, Google huongeza makala yenyewe, na wengi hawarudi kufuta zisizo zao.

Hatua ya 5. Tafuta kipimo cha h, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: ni idadi kubwa kabisa ya makala ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara hizohizo. Panga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi. Tuseme ni 40, 22, 9, 5, 4, 1. Ya nne ina 5, inapita. Ya tano ina 4, haifiki 5. Basi h ni 4. Kile cha i10 ni cha Google: unahesabu makala zenye nukuu 10 au zaidi. Hapa ni 2.

Hatua ya 6. Linganisha na ACL Anthology (hifadhi ya makala za teknolojia ya lugha), DBLP (orodha ya makala za kompyuta), na Scopus (hifadhidata ya nukuu) kama maktaba yenu inalipia. Fani hii huchapisha sana kwenye makongamano, kwa hiyo usitegemee orodha za majarida peke yake.

Hatua ya 7. Jiulize nini hakikuhesabiwa. Makala ya Hurskainen ya 1992, katika juzuu la kwanza la Nordic Journal of African Studies, inaeleza jinsi kompyuta inavyoweza kuchambua neno kama "wanaokisoma": wa-na-o-ki-som-a. Mtu huyohuyo ndiye nyuma ya SALAMA, mfumo wa kompyuta wa kuchakata Kiswahili, na Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki (kopasi ni mkusanyo wa matini kwa ajili ya utafiti), ambayo toleo lake la pili lina maneno takriban milioni 25. Ukichota mifano humo ukaandika "chanzo: kopasi" basi, hakuna mashine itakayompa hata nukta moja. Kwa watu wa Kiswahili, pengo kubwa liko hapo.

MASWALI

Kijana_wa_Masters: Mkuu h yake ni ngapi? Nitupie tu namba.
— Hatua ya 1 hadi ya 5. Vidole unavyo.

binti_tanga: Kwa hiyo h ikiwa ndogo mtaalamu ni dhaifu?
— Hapana dada, na swali lako ni zuri. Makala ya 2002 ya BLEU, kipimo cha ubora wa tafsiri ya mashine, imenukuliwa makumi ya maelfu ya mara kwa sababu kila anayepima tafsiri ya mashine, lugha yoyote ile, anaihitaji. Kichambuzi cha Kiswahili kinahitajiwa na watu wa Kiswahili, nao ni wachache. Mlinganishe na wa uwanja wake na wa umri wake kazini.

Kijana_wa_Masters: Nimejumlisha nukuu za Scholar, Scopus na Semantic Scholar (injini nyingine ya makala). Msimamizi kakataa.
— Kafanya vyema. Ni watu walewale umewahesabu mara tatu. Chagua chanzo kimoja, kitaje.

mdau_kisumu: MasakhaNER, makala ya 2021 ya data ya kutambua majina katika lugha za Afrika, ina waandishi zaidi ya 50. Nukuu zinagawanywa?
— Hazigawanywi. Kila mmoja anapata zote, awe aliongoza au alitia alama data ya lugha moja kati ya zile 10. Sisemi ni dhuluma, bila hao wa data hakuna makala. Lakini ukiona namba imeruka ghafla mwaka mmoja, angalia kwanza orodha ya waandishi.

binti_tanga: Jarida la idara yetu halionekani kabisa Scholar. Kwa nini?
— Jaribu kunakili sentensi moja kutoka PDF. Ikikataa, mmeskani picha, na Scholar inataka maandishi. Faili lisizidi MB 5, kila makala na faili lake, kichwa kwa maandishi ya saizi kubwa juu ya ukurasa wa kwanza, majina chini yake. Waandishi wachukue ORCID, namba ya utambulisho wa mtafiti, ni bure, na jina liandikwe namna moja siku zote.

mdau_kisumu: Zilizoskaniwa zamani zitupwe?
— Zipitishe Tesseract, programu ya kugeuza picha za maandishi kuwa maandishi. Ina data ya Kiswahili, msimbo wake swa, nayo ni bure. Kagua majina ya watu kwa macho baada ya hapo.

Kijana_wa_Masters: Inakubali kwenye simu?
— Anzisha uzi wake.