Jinsi ya kupima ubora wa risasi za bei nafuu za kulengea shabaha

Kinachokosekana zaidi kwenye risasi za bei nafuu ni ulinganifu. Moja ina baruti kidogo kuliko mwenzake, nyingine kichwa chake kimekaa upande, na matundu yanatawanyika kwenye shabaha hata kama mlengaji hajatikisika. Kwa hiyo kila kipimo hapa kinatafuta jambo moja: je, risasi hizi zinafanana?

Usianze kwa kununua katoni nzima. Chukua pakiti moja moja ya aina tatu au nne, kisha andika namba ya bechi (kundi la risasi zilizotengenezwa pamoja) ya kila pakiti. Jina na kiwanda vinaweza kuwa vile vile, lakini bechi ikibadilika, matokeo nayo hubadilika.

Zimwage juu ya kitambaa cheupe penye mwanga mzuri. Hakikisha kwanza kuwa kaliba (aina na ukubwa wa risasi) iliyoandikwa kwenye pakiti ndiyo iliyochongwa kwenye mtutu. Risasi ya 5.56 NATO, kwa mfano, huingia kwenye chemba (sehemu ya mtutu inapokaa risasi) ya .223 Remington, lakini inaweza kuleta mgandamizo mkubwa kuliko chemba hiyo inavyoruhusu. Weka kando kila yenye ganda lililobonyea, ufa shingoni au kutu ya kijani. Kichwa kilichozama ndani ya ganda ni hatari, kwa sababu nafasi ya baruti imepungua na mgandamizo utapanda. Kama fataki (kikombe kidogo chenye kemikali ya kuwashia baruti) iko katikati ya kitako, ipapase kwa kidole: iwe sawa na kitako au izame kidogo tu. Iliyochomoza usiitumie.

Pitisha na sumaku. Ikinata kwenye kichwa, ndani au juu yake kuna chuma, na viwanja vingi vya shabaha huzikataa kwa kuwa huharibu kizuizi cha nyuma na kurusha cheche. Risasi za zamani za akiba ya jeshi zina jambo lake: fataki za nyingi kati yake huacha chumvi inayovuta unyevu na kuleta kutu. Ukizitumia, safisha mtutu kwa maji siku hiyo hiyo, ukaushe, kisha upake mafuta.

Sasa piga. Egemeza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, shabaha ikiwa mita 50. Kwa .22 LR (risasi ndogo ambayo kemikali yake ya kuwashia imo ukingoni mwa kitako), kila ukibadilisha aina piga risasi kama kumi bila kuziingiza kwenye vipimo, kwa sababu nta ya aina iliyotangulia bado imo ndani ya mtutu. Kisha piga makundi matano ya risasi tano tano. Pima kutoka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa nje wa tundu lililo mbali zaidi, utoe upana wa tundu moja. Chukua wastani wa makundi yote matano. Wengi huchagua kundi moja zuri na kulitangaza, na hapo ndipo wanapojidanganya; kundi moja dogo huja kwa bahati. Wastani wa milimita 15 kwa mita 50 ni mzuri sana kwa risasi ya bei ya chini.

Tazama pia umbo la kundi. Matundu yakijipanga kwa wima, shuku kasi isiyolingana, mradi pumzi na mkao wako havibadiliki. Kwa .22 LR inayotoka kwa takriban mita 330 kwa sekunde, tofauti ya mita 10 tu kwa sekunde husogeza tundu milimita 7 hivi kwa mita 50, na karibu sentimita 3 kwa mita 100.

Hesabu zilizogoma na zilizokwama. Risasi ikigoma, yaani isipolipuka ukivuta kifyatulio, uelekeze mtutu kwenye shabaha kwa angalau sekunde 30 kabla ya kufungua, maana inaweza kulipuka kwa kuchelewa. Kwenye .22, kugoma mara nyingi hutokana na kemikali ya kuwashia kutoenea sawasawa kwenye ukingo wa kitako. Ukisikia mlio hafifu kuliko kawaida, simama papo hapo. Toa risasi zote, kagua mtutu kwa fimbo ya kusafishia: kichwa kikiwa kimekwama humo na ukapiga nyingine, mtutu unaweza kupasuka.

Ukipata inayokubaliana na bunduki yako, rudi haraka ununue ya bechi ile ile kadiri uwezavyo, uihifadhi pakavu pasipo joto kali. Bunduki ya mwenzako, hata ya muundo ule ule, huenda ikapenda nyingine.